Ngozi Inasonga Mbele, Maji Yanarudi Nyuma

Ngozi za samaki aitwaye mbuta hufika karakanani kabla ya saa moja asubuhi, ndani ya gunia lililolowa, nyuma ya bodaboda. Mama mwenye karakana hazimwagi chini. Anatandaza turubai, anazitoa moja moja na kuinua kila moja kwenye mwanga wa mlango. Yenye tundu la kisu anaiweka kando kwa kazi ndogo ndogo. Iliyoanza kuteleza anainusa, kisha anaitia kwenye ndoo ya mboji. Zilizobaki anazilaza gamba juu, mikia yote upande mmoja, kama muuza vitenge anayepanga meza yake kwenye soko la Kibuye. Kazi hiyo peke yake humla karibu saa nzima, na saa hiyo hasemi na mtu.

Karakana iko Kisumu, mwendo mfupi kutoka mto Kisat, ule unaopita eneo la viwanda na ubavuni mwa mtaa wa Obunga kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Obunga inajulikana kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vinapokwisha kukata minofu ya kuuza ng'ambo. Akina mama huinunua, huikaanga na kuiuza. Tangu viwanda vya minofu vilipoenea kandokando ya ziwa katika miaka ya 1980, mji huu umejifunza kuishi na kilichobaki. Mfupa ulipata mnunuzi, kichwa kikapata, hata bondo, kile kibofu cha hewa cha samaki, likapata soko Uchina. Ngozi ilichelewa. Waliofanya ijulikane hapa ni wachache, na anayetajwa zaidi ni Newton Owino, mwanakemia wa viwanda ambaye kampuni yake, Alisam Products, imeigeuza ngozi ya samaki kuwa viatu na mikoba. Mama huyu ni fundi mdogo katika njia hiyo hiyo. Nilikwenda kwake kutazama jinsi alivyoipanga kazi yake, hatua kwa hatua, ili kiwanda chake kisipeleke ziwani kile ambacho ziwa haliwezi kukibeba.

Kwanza ni gogo. Ni kipande cha shina kilichochongwa mviringo na kulazwa kwa mteremko, ncha moja ikimfikia tumboni, nyingine ikigusa sakafu. Ngozi inalazwa juu yake, upande wa nyama juu, kisha kisu chenye mipini miwili kinashuka. Kisu hiki ni butu kwa makusudi: makali yangekata, ubutu unasukuma. Anakisukuma kwenda chini, nguvu ikitoka mabegani, na mabaki ya mnofu yanajikunja mbele ya chuma. Karibu na tumbo ngozi ya mbuta ni nyembamba, na hapo anapunguza uzito mpaka kisu kinapapasa tu. Mgongoni ni nene, anarudia mara tatu, mara nne. Kijana anayejifunza kazi alijaribu mbele yangu akaipasua ya pili. Mama alimwambia, "Nyathina," yaani mwanangu, "usiikimbize," akampa nyingine.

Nyama iliyokwanguliwa haiendi mtaroni. Inatiwa sufuriani, inachemshwa, mafuta yanaenguliwa na kuhifadhiwa kwenye chupa, na machicha yanaanikwa kuwa chakula cha kuku. Chupa ile ya mafuta ina kazi yake baadaye.

Magamba yanatolewa kwa mgongo wa kisu, kutoka mkiani kwenda kichwani, pole pole kuliko nilivyotarajia. Mpishi akiparua samaki hajali kinachobaki chini ya gamba. Fundi ngozi anajali hicho hasa. Kila gamba likitoka linaacha kifuko kidogo cha ngozi laini, na safu kwa safu ya vifuko hivyo ndiyo itakayokuwa urembo wa kiatu au mkoba. Kikipasuka kimoja, doa lake litaonekana hadi siku ya mwisho.

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo lililofanyika kabla hata gunia halijafika. Ngozi ya ng'ombe ina manyoya, na njia ya kawaida ya kuyang'oa viwandani ni kuilowesha kwenye chokaa na sulfidi ya sodiamu. Hatua hiyo huyeyusha manyoya yakawa uji, na ndiyo inayochangia sehemu kubwa ya uchafu wa maji ya kiwanda cha ngozi. Isitoshe, maji yale yakikutana na asidi hutoa hewa ya sumu ambayo imewahi kuua wafanyakazi katika nchi nyingi. Samaki hana manyoya. Kwa kuchagua mbuta, mama huyu amelifuta dimbwi zima kwenye ramani ya kiwanda chake. Mwaka 1998 wanakemia wawili wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, walichapisha kanuni 12 za kile kinachoitwa kemia ya kijani, na ya kwanza kati ya hizo inasema kwamba ni bora kuzuia taka isizaliwe kuliko kuisafisha ikishazaliwa. Mara nyingi tunalisoma neno hilo kama ushauri wa tabia njema. Pale karakanani nililiona likiwa uamuzi wa ufundi, uliofanywa sokoni, wakati wa kuchagua mali.

Ngozi iliyokwanguliwa bado imebanana. Nyuzi zake ni kolajeni, protini ile ile inayoshika kano na mifupa yetu, na dawa ya kudabaghi haiwezi kupenya mpaka nyuzi zivimbe na kuachana kidogo. Kwa hili anatumia maji ya majivu. Majivu anayapata kwenye meko ya wakaanga samaki, anayamimina kwenye ndoo iliyotobolewa chini, anayamwagia maji na kusubiri yachuruzike, vile vile ambavyo jirani zetu wa Vihiga huchuja munyu wa kulainishia mboga. Akishapata maji ya manjano yanayoteleza vidoleni, anachovya kipande cha karatasi ya kupimia asidi, anakilinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kijitabu, anaongeza maji, anapima tena. Ngozi ya ng'ombe huvumilia siku kadhaa katika ukali kama huo. Ya samaki ni saa chache tu. Kila baada ya muda anatoa moja, anaibonyeza kwa kidole gumba na kutazama: shimo la kidole likibaki bila kurudi upesi, ngozi imevimba vya kutosha. Nilimwona akibonyeza ngozi 9 kabla ya kuridhika na beseni moja.

Sasa ukali huo lazima utoke. Viwanda vingi huutoa kwa chumvi za amonia, ambazo ni za bei nafuu na za haraka. Lakini amonia ni naitrojeni, na naitrojeni ni mbolea. Anayeijua Ghuba ya Winam, kona ya ziwa ilipo Kisumu, anaelewa maana yake. Ni ghuba ya kina kifupi, imejitenga na ziwa kuu kwa mlango mwembamba karibu na Rusinga, na maji yake hayabadiliki haraka. Mbolea inayoingia humo hulisha mwani na magugumaji ambayo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakifunga gati na kuzuia mitumbwi ya wavuvi. Mama hatumii amonia. Anatumia pumba ya mahindi iliyochachuka siku tatu kwenye ndoo yenye kifuniko. Asidi ya uchachu ni dhaifu, inaingia taratibu na kuondoa ukali bila kuishtua ngozi. Wadabaghi wa zamani huko Ulaya walifanya hivyo hivyo kwa pumba ya ngano, na kwa nchi ambayo kila nyumba inajua kuchachusha uji, ndoo hiyo haihitaji maelezo marefu. Maji yake yakichoka humwagwa kwenye mboji.

Hatua inayofuata ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Anachanja papai bichi mistari mitatu kwa wembe na kukinga utomvu mweupe kwenye kikombe. Watu wa Mombasa na Lamu hupaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki ili ilainike, na sababu ni ile ile: utomvu una kimeng'enya kiitwacho papeini, ambacho hukata protini. Ndani ya ngozi kuna protini nyingine zisizo kolajeni, zinazoifanya iwe ngumu kama kadibodi ikikauka. Matone machache kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanazila hizo kwanza. Ukizubaa, kitaila kolajeni nayo, na ngozi itayeyuka mkononi. Kwa hiyo beseni hili haliachwi. Mama anavuta kigoda, anakaa, mkono mmoja majini, akizigeuza ngozi na kuzisikiliza kwa vidole. Muda wote huo kijana alikuwa akimwita mlangoni, kuna mteja. Mteja alisubiri. Mama aliinuka pale tu zilipoanza kulegea kama kitambaa kilicholowa, akazitosa zote kwenye maji baridi kwa mkupuo mmoja.

Ndipo tukafika kwenye mapipa.

Kudabaghi ni kuifanya ngozi isioze na isisinyae, kwa kuzifunga nyuzi zake na kitu ambacho bakteria hawakiwezi na joto halikifungui upesi. Mwaka 1858 Mjerumani Friedrich Knapp alieleza jinsi chumvi za kromiamu zinavyoweza kufanya hivyo, na mwaka 1884 Augustus Schultz akapata hataza yake Marekani. Leo zaidi ya asilimia 80 ya ngozi duniani hudabaghiwa kwa kromiamu, na si ajabu: kazi inakwisha kwa siku moja hivi, na ngozi, yenye rangi ya samawati hafifu, huvumilia hata maji yanayochemka. Tatizo ni kwamba kwa njia ya kawaida karibu theluthi moja ya kromiamu iliyotiwa haishiki, inabaki majini. Kromiamu ya aina hiyo si kali sana, lakini mazingira yakiwa mabaya inaweza kugeuka aina nyingine inayosababisha saratani. Na metali iliyoingia kwenye matope ya ghuba haiozi.

Mama anatumia magome ya miwati. Miti hii asili yake ni Australia, ililetwa na kupandwa kwa wingi kwenye nyanda za juu, na kwa miaka mingi Eldoret ilikuwa na kiwanda kikubwa cha kukamua tanini yake kwa wadabaghi wa dunia. Magome huja kwa gunia, makavu. Anayatwanga kwenye kinu, anayaloweka, na maji yanakuwa mekundu kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Tanini ya mti haifiki pale kromiamu inapofika. Ngozi iliyodabaghiwa kwa mimea husinyaa kwenye joto la nyuzi kati ya 70 na 85 hivi, wala haitoshi kwa kila kazi. Kwa mkoba, mkanda, viatu na pochi, inatosha na kuzidi.

Mapipa yenyewe ni matano, ya plastiki, yamepangwa ukutani na kuandikwa namba kwa chokaa. Mgeni angedhani yana kitu kimoja. La kwanza lina maji hafifu kabisa, la tano makali kabisa, na ngozi mpya huanzia kwenye lile hafifu. Nilimuuliza kwa nini asianzie kwenye kali akamaliza mapema. Alichukua kipande cha ngozi kilichoharibika siku za nyuma, akakikata kwa mkasi, akanionyesha ukingo. Pande mbili za nje zilikuwa za kahawia, na katikati mlikuwa na mstari mpana mweupe. Maji makali hufunga uso wa ngozi upesi mno, tanini inayofuata haipati mlango, na ndani inabaki mbichi. Ngozi ya namna hiyo inapendeza siku ya kuuzwa na kuoza ndani ya kiatu.

Basi ngozi hupanda. Siku mbili kwenye la kwanza, siku mbili au zaidi kwenye la pili, na kuendelea. Maji nayo hushuka. Pipa la tano ndilo pekee linalotiwa dawa mpya. Likipungua nguvu, maji yake hayamwagwi: yanahamishwa kwenye la nne, ya la nne kwenye la tatu, hadi yafike kwenye la kwanza, ambako ngozi mbichi yenye njaa hunyonya tanini ya mwisho iliyobaki. Ngozi inasonga mbele, maji yanarudi nyuma. Wahandisi wa kemia hufundishwa mpangilio huu darasani, wa vitu viwili kupishana vikielekea pande tofauti, kwa sababu hakuna njia bora ya kutoa kila kilicho cha thamani kwenye maji kabla ya kuyaacha. Wadabaghi wa zamani waliotumia mashimo waliufahamu kabla ya kuwepo darasa hilo. Kilichonishangaza ni mikono inayouendesha. Kuhamisha maji ya mapipa manne kwa ndoo ni kazi ya asubuhi nzima, lazima ianzie chini kwenda juu ili maji yasichanganyike, na hakuna anayeweza kuiona kwenye bidhaa. Mama huifanya bila kuruka hata hatua moja.

Kuna hesabu nyingine hapo. Viwanda vya kawaida hutumia takriban lita 30,000 hadi 40,000 za maji kwa kila tani ya ngozi mbichi. Karakana hii haina bomba la uhakika, na maji huja kwa mitungi ya lita 20. Anayebeba maji hivyo hapangi kusuuza mara saba kama mara mbili zinatosha.

Maji yanayotoka pipa la kwanza mwishoni, yakiwa yameisha nguvu, bado si maji safi, na sipendi masimulizi yanayodai kwamba kitu kikitoka mtini basi hakina madhara. Tanini hutia maji weusi, na vijidudu vinapoila hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa hitaji hilo la oksijeni katika maji yanayoachiwa kwenye mazingira, na maji ya kudabaghia, hata yaliyochoka, yako juu sana ya hapo. Mama anayamimina kwenye shimo lililosakafiwa, anayachanganya na maji ya majivu yaliyotumika na konzi ya chokaa. Taka mbili zinakutana: ukali wa moja unazimwa na uchachu wa nyingine, tanini inaganda na kutua chini kama matope meusi. Maji ya juu yanakwenda migombani, matope yanakauka na kuchanganywa na mboji. Kwa karakana ya mapipa matano naona shimo hilo linafaa. Kiwanda cha mapipa mia tano kingehitaji zaidi ya shimo na migomba, na hapo ndipo vyuo vyetu vina kazi ya kufanya. Magome yaliyokamuliwa, kwa upande wake, yanakauka na kurudi kuwa kuni za kuchemshia ile nyama, na majivu yake yanaingia ndoo iliyotobolewa.

Ngozi ikitoka pipa la tano ina rangi ya kahawia yenye wekundu, na ikikauka hivyo itakuwa kama ubao. Ndipo chupa ya mafuta inaporudi. Mafuta na maji hayachanganyiki, kwa hiyo anavunja mayai mawili, anatenga viini, anavipiga pamoja na mafuta ya mbuta, tone kwa tone, mpaka vinakuwa kitu kimoja kizito cha manjano. Kiini cha yai kina uwezo huo wa kushika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mwingine. Anakizimua kwa maji ya uvuguvugu na kuzikanda ngozi humo kama mtu anayekanda unga wa chapati, mpaka maji yanarudi kuwa meupe na mafuta yote yameingia. Samaki amerudishiwa mafuta yake.

Kukausha hufanyika kivulini. Jua la Kisumu saa nane mchana lingemaliza kazi kwa saa moja na kuipinda ngozi yote. Mama anazitandaza kwenye mbao, anazivuta kuanzia katikati kwenda kingoni na kuzishika kwa misumari midogo, kila msumari mkabala na mwenzake. Siku ya pili, zikiwa bado na unyevu kidogo, anazing'oa na kuzivuta moja moja juu ya ukingo butu wa chuma kilichofungwa kwenye kiti, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka ule ukakamavu unavunjika na ngozi inaanza kuanguka yenyewe mkononi. Nilijaribu. Baada ya ngozi mbili mikono yangu ilitetemeka, naye alikuwa amefika ya kumi na moja.

Mwisho ni chupa nyingine, ya soda, tupu. Anailaza ubavu juu ya ngozi na kuisugua kwa mkandamizo, akifuata mwelekeo wa vifuko. Kioo kinapopita, uso unalala na kung'aa, na midomo ya vifuko inasimama na kivuli chembamba chini yake, safu baada ya safu kutoka kichwani hadi mkiani. Hakuna rangi iliyopakwa. Aliigeuza dirishani, akaitazama kwa jicho lile lile la asubuhi ya gunia, kisha akaiweka juu ya nyingine.

Kijana alikuwa amesimama kwenye pipa la tatu, ametoa ngozi moja inayochuruzika, akiuliza kama kundi hilo lihamie la nne. Zilikuwa na siku tatu humo. Mama alifuta mikono, akachukua mkasi, akakata kona ndogo kama ukucha na kuipeleka kwenye mwanga. Katikati ya kahawia palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Bado," alisema, akairudisha ngozi majini na kufunika pipa.